Matairi ya Baiskeli: Funzo Nililolinunua Ghali

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hii nilifundishwa nikiwa mtoto katika shule ya misheni, wala sikudhani kwamba siku moja ingenipata mimi mwenyewe kwa sababu ya kitu kidogo kama tairi la baiskeli. Tena kilichovunjika hakikuwa guu langu. Kilikuwa mtulinga wa mwanangu. Ndiyo maana naandika habari hizi, ili makarani wenzangu waendao kazini kwa baiskeli, na wakulima wapelekao mazao sokoni kwa baiskeli, wapate kujifunza bure jambo ambalo mimi nililipia.

Mimi ni karani wa serikali, na nyumba yangu iko Timbwani, huku Likoni. Ofisi yangu iko ng'ambo, kisiwani Mombasa. Kila siku ya kazi nashika njia ya mchanga itokayo mtaani, naingia barabara ya Shelly Beach, nateremka mpaka kivukoni, navuka kwa feri pamoja na umati wa watu, kisha napandisha upande wa pili. Msomaji aijuaye njia hiyo ajua kwamba si ndefu. Lakini ina kila namna ya adui wa tairi: mchanga, mawe ya matumbawe yaliyochongoka, vigae vya chupa, mbigili zilizojificha kando ya njia, na yale mabamba ya chuma ya mlango wa feri ambayo maji ya chumvi huyafanya yateleze.

Miaka mitatu iliyopita nilinunua baiskeli ya mashindano iliyokwisha tumika Ulaya. Ilikuwa nzuri kwa macho: usukani wake umepinda kama pembe za kondoo dume, fremu yake ya chuma chembamba, na matairi yake membamba, upana wa milimita 23 tu. Nilikuwa nimesoma habari za Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, akashinda mashindano ya Tour de France mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017. Nikajiambia kwamba mtu mwenye baiskeli ya namna ile hawezi kuchelewa kazini. Kumbe mtu aweza kuchelewa hata akiwa juu ya baiskeli ya bingwa, ikiwa kila juma huketi kando ya njia mara mbili akiziba pancha.

Baba yangu ni mkulima, na shamba lake la minazi na mihogo liko upande wa Waa. Yeye ana ile baiskeli nzito nyeusi ambayo watu wa Kenya huiita Black Mamba, na kwa miaka mingi ameibebesha nazi, magunia ya mihogo, hata mabati ya kuezekea nyumba. Siku nilipompelekea baiskeli yangu aione, hakutazama usukani wala rangi. Aliinama, akabonyeza tairi kwa kidole gumba, akasema, "Mwanangu, hiki ulichopanda ni wembe. Wembe hunyoa, haubebi mzigo."

Nilimwitikia kwa adabu, "Naam, Baba," lakini moyoni nilicheka. Nilimwona kuwa mtu wa zamani, asiyejua mambo ya mwendo.

Baadaye nikafunga keria nyuma ya baiskeli ile, ili siku za Jumamosi nimchukue mwanangu wa miaka saba kwenda kumwamkia babu yake. Mwaka jana tairi la nyuma lilikwisha kulika mpaka nyuzi zikaonekana. Badala ya kununua jipya, nikaenda kwenye fungu la vitu vya mtumba, nikachagua tairi jembamba kama lile la kwanza. Bei yake ilikuwa nusu ya bei ya jipya. Niliona ubavuni mwake vijufa vidogo vidogo, kama nyufa za kisigino cha mtu atembeaye pekupeku, lakini sikuvijali, kwani uso wa tairi ulikuwa bado mzima.

Jumamosi iliyofuata nilisimama mahali wauzapo petroli, nikaomba hewa ya mashine ile itumiwayo kwa malori. Tairi likawa gumu kama jiwe, nami nikafurahi, kwani niliamini kwamba tairi gumu ndilo liendalo mbio. Tukashika barabara kuu iendayo Lunga Lunga. Tulipokwisha pita Ngombeni, tukiwa katika mwendo mzuri, nilisikia mlio kama wa bunduki. Gurudumu la nyuma likayumba, baiskeli ikalala ubavu, na mtoto akaangukia bega. Nyuma yetu palikuwa na lori. Dereva wake alikuwa macho, Mungu ambariki, akasimamisha gari hatua chache kutoka pale alipolala mwanangu. Kama angalikuwa amesinzia, nisingaliandika maneno haya.

Daktari aliona kwamba mtulinga umevunjika. Mkono wa mtoto ulifungwa kwa kitambaa shingoni kwa majuma kadhaa, naye akakosa masomo. Nilipopiga hesabu, kama ilivyo desturi ya makarani, nikaona kwamba fedha niliyoiokoa katika tairi isingelipa hata nauli ya siku ile ya kwanza ya hospitali. Baba hakunigombeza. Aliniuliza neno moja tu: "Lile tairi ulilinunua kwa bei gani?" Nilipomwambia, alinyamaza kimya. Heri angalinigombeza.

Baada ya siku chache nikalichukua tairi lililopasuka, nikaenda kwa mzee mmoja, fundi wa baiskeli afanyaye kazi chini ya mwembe huku Likoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Lete nilione."

Aliligeuza mara mbili, akanirudishia. "Soma," akasema.

Nikamsomea jina la kiwanda.

"Wewe ni karani," akasema. "Barua ya serikali huisoma kichwa chake tu? Soma yote."

Hapo ndipo nilipoona kwamba kwa miaka miwili nilikuwa nikikalia maandishi nisiyoyasoma hata siku moja. Ubavuni mwa kila tairi mmeandikwa upana wake, kipimo cha rimu lifaalo, na kiasi cha hewa kisichopaswa kupitwa. Hewa hupimwa kwa kipimo kiitwacho PSI, yaani ratili kwa inchi moja ya mraba. Mzee yule alinieleza kwamba makosa yangu yalikuwa matatu, nayo yalikutana mahali pamoja: mpira uliozeeka, hewa isiyopimwa, na mzigo wa watu wawili juu ya tairi lililofanywa kwa mtu mmoja katika barabara laini. Nilijaribu kulaumu jua, kwa maana wengi husema kwamba hewa hupata moto ikapasua tairi. Akacheka. Jua huongeza nguvu ya hewa kidogo tu, akasema, na tairi zima lavumilia nyongeza hiyo. Adui wa kweli ni miaka. Mpira ukikaa sana juani na hewani hukauka na kufanya nyufa, na tairi lenye nyufa ubavuni limekwisha kufa, ijapokuwa uso wake ungali na afya.

Tangu siku ile nimezisoma habari za matairi kwa bidii, nami nitaeleza niliyoyapata.

Neno lenyewe mpira ni la kwetu. Ni jina la mti utambaao wa misitu ya pwani, wenye utomvu mweupe. Wataalamu wauita Landolphia kirkii, kwa heshima ya John Kirk, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza huko Unguja katika karne ya 19. Mwaka 1845 Robert William Thomson wa Scotland alibuni tairi la hewa, lakini halikuenea. Mwaka 1888 Mskoti mwingine, John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama aliyekaa Belfast, alipewa hati ya tairi la hewa alilokuwa amelitengenezea baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake, aliyekuwa akitikiswa na mawe ya njiani. Nilipoyasoma hayo niliona haya. Yule alifanya tairi ili mwanawe apate raha. Mimi nilinunua tairi nikamvunja wangu. Na tusisahau kwamba mpira ulikuja kuwa chanzo cha machozi: katika Kongo ya Mfalme Leopold II, kati ya mwaka 1885 na 1908, watu walilazimishwa kwa mjeledi na bunduki kuvuna mpira wa mwituni, na wengi mno wakafa.

Sasa turudi kwenye kuchagua. Jambo la kwanza ni hili: kinachobeba mzigo si mpira, bali ni hewa iliyomo ndani. Tairi jembamba lina nafasi ndogo ya hewa, kwa hiyo ni lazima lijazwe kwa nguvu nyingi ili lisibonyee mpaka rimu ikagonga jiwe. Tairi pana lina hewa nyingi, kwa hiyo laweza kubeba mzigo ule ule likiwa laini. Kwa mtu wa kilo 70 hivi, tairi la milimita 23 hutaka kama PSI 100. La 28 latosheka na kama 75, la 32 na kama 60, na la 40 na kama 45. Hesabu hizi ni za kuanzia tu. Mwenye mwili mkubwa au mzigo huongeza, mwepesi hupunguza, lakini asipite kile kiasi kilichoandikwa ubavuni.

Wengi watauliza, "Je, tairi pana halitanichelewesha?" Nami nilidhani hivyo. Walakini ukweli ni kwamba barabara zetu si kioo. Tairi gumu likikuta kokoto hurusha baiskeli na mpandaji juu, na nguvu uliyoitoa kwa miguu hupotea katika kutikisika kwa mwili wako. Tairi laini huimeza kokoto ile, nawe waendelea mbele. Hata mabingwa wamelijua jambo hili. Zamani walikimbia kwa matairi ya 23 na chini yake. Siku hizi wengi hutumia 28 na zaidi. Katika mashindano ya Paris–Roubaix ya huko Ufaransa, yaliyoanza mwaka 1896, ambako sehemu nyingi za njia zimetandikwa mawe, hutumia mapana zaidi ya hayo. Mwezi wa Septemba mwaka 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, Rwanda, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika, na katika njia yao mlikuwamo mlima uliotandikwa mawe. Ikiwa mabingwa wa dunia hawaoni haya kupanda matairi mapana, karani wa Timbwani aona haya ya nini?

Hata hivyo upana una mpaka wake. Pima nafasi iliyopo kati ya tairi na fremu, na kati ya tairi na breki. Yafaa ibaki nafasi ya milimita 4 hivi kila upande, ama sivyo mchanga na tope vitakwaruza fremu. Baiskeli yangu ilikubali milimita 32 na si zaidi, basi nikanunua 32.

Jambo la pili ni kipimo cha rimu, na hapa nilikosea tena. Kwa kutaka kumridhisha Baba, nilimnunulia tairi jipya la nyuma. Nilijua kwamba baiskeli yake ni ya "28", nikaona tairi limeandikwa 28, nikalilipia. Tulipojaribu kulivika, mimi na Baba na vijiko viwili, tulitoka jasho mpaka adhuhuri, tairi likakataa. Kumbe kuna "28" zaidi ya moja. Tairi la Black Mamba ni 28 x 1½, nalo huandikwa pia 40-635. Lile nililolinunua lilikuwa 37-622, kipimo cha baiskeli za namna ya kwangu. Namba ya kwanza ni upana wa tairi, na ya pili ni kipenyo cha mahali tairi likaliapo rimu, zote kwa milimita. Tofauti ya 635 na 622 ni milimita 13 tu, lakini nguvu za watu wawili haziwezi kuishinda. Baba alijifuta jasho akasema, "Mwanangu karani, umesoma nusu tena." Mwenye duka alinibadilishia kwa wema. Basi, ndugu msomaji, usiseme dukani "nipe 28". Andika kwenye karatasi zile namba mbili zenye kistari katikati, uende nazo.

Jambo la tatu ni namna tairi lilivyofumwa. Ndani ya mpira mna kitambaa cha nyuzi. Nyuzi zikiwa nyembamba na nyingi, tairi hujikunja kwa wepesi, nalo ni raha kulipanda, ila ubavu wake huumia upesi. Nyuzi zikiwa nene na chache, tairi ni gumu zaidi, lakini bei yake ni ndogo. Yako pia matairi yenye ukanda mgumu chini ya uso wake, uliowekwa kuzuia miiba na vigae. Tairi la namna hiyo ni zito kidogo, na bei yake ni kubwa. Kwa njia ya mbigili kama yetu, mimi nasema uzito huo ni bora kuliko kuziba pancha kila siku.

Jambo la nne ni alama za uso wa tairi. Wengi hudhani kwamba tairi lisilo na michoro huteleza katika lami yenye maji. Kwa gari dhana hiyo ina maana. Kwa baiskeli siyo, kwa sababu tairi lake ni jembamba na mwendo wake ni mdogo, hata maji husukumwa kando lenyewe. Uso laini hushika lami vizuri sana. Meno makubwa yafaa katika tope na udongo tifutifu tu. Katika mchanga wetu wa pwani kinachosaidia hasa ni upana na kupunguza hewa kidogo. Na juu ya chuma cha feri kilichorowa, hakuna tairi la kuaminiwa, shuka uikokote.

Kisha kuna utunzaji, ambao wapita ununuzi. Pima hewa kila juma, kwa maana hupungua polepole hata pasipo pancha. Tumia pampu yenye kipimo, au jiunge na majirani mnunue moja; mashine ya malori iacheni kwa malori. Tairi la nyuma hubeba uzito mwingi kuliko la mbele, kwa hiyo litie hewa zaidi kidogo, nalo ndilo liishalo kwanza. Likiisha, usiweke jipya nyuma. Hamisha la mbele liende nyuma, na jipya liwe mbele, kwa sababu tairi la mbele likipasuka ni vigumu mno kujizuia usianguke. Usiiache baiskeli juani mchana kutwa ikiwa kivuli kipo. Ukipata pancha, usibadilishe mpira wa ndani tu ukaenda zako. Pitisha vidole polepole ndani ya tairi uutafute mwiba, kwani mbigili ile ile huweza kukutoboa mara ya pili kabla hujafika nyumbani.

Najua kwamba wakulima wengi watasema, "Maneno haya ni mema, lakini fedha haitoshi." Ni kweli, nami si tajiri. Lakini tuhesabu kwa miezi. Tairi la shilingi 600 likidumu miezi minne, limekula shilingi 150 kila mwezi. Tairi la shilingi 1,800 likidumu miezi kumi na minane, limekula shilingi 100. Nani basi aliyenunua kwa bei rahisi? Tena katika hesabu hiyo sikutia pancha, wala siku za kazi zilizopotea, wala mifupa. Asiyeweza kununua mawili kwa pamoja na anunue moja zuri, aliweke mbele, na la pili alinunue baadaye. Na asiyeweza kununua jipya kabisa, akilazimika kuchukua la mtumba, alikunje ubavu kwa mikono miwili mahali penye mwanga. Akiona ufa, aliache pale pale.

Mimi nimepanda matairi yangu ya 32, yenye ukanda wa kuzuia miiba, kwa muda wa zaidi ya mwaka sasa. Nimepata pancha mbili tu. Nafika kivukoni kwa wakati ule ule kama zamani, ila mgongo hauniumi, na mikono haifi ganzi. Baba ameyabonyeza kwa kidole gumba, akasema, "Sasa hii ni baiskeli." Maneno manne tu, yalinitosha.

Mwanangu amepona. Kwa muda mrefu alikataa kupanda keria, wala sikumlazimisha. Siku alipokubali aliniuliza, "Baba, tairi hili halitapasuka?" Nilitaka kumwambia kwamba halitapasuka kamwe, lakini sikuweza. Nilimwambia kwamba kila tairi lina siku yake, na kazi yetu ni kuiona siku hiyo kabla haijafika. Basi kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kwenda Waa, yeye hushika pampu na kunisomea kipimo, kisha hulizungusha gurudumu polepole na kutazama ubavu wa tairi, upande huu na upande huu. Mimi husimama kando na kungoja. Hatuondoki mpaka yeye aseme kwamba ameona ni salama.